Msumeno Mpya wa Mama

Mama yangu alistaafu ualimu akiwa na mgongo ulionyooka, sauti iliyosikika hadi barabarani, na kinyongo dhidi ya mzinga mmoja wa nyuki.

Mzinga wenyewe aliununua mwaka uleule aliostaafu. Ulikuwa wa kisanduku, wenye fremu za mbao ndani. Kwetu ni karibu na Kiritiri, ambako mahindi hayaaminiki, lakini migunga huchanua hata mwaka wa shida na nyuki hawakosi cha kula. Nyuki waliingia vizuri. Siku ya kurina asali, fremu zilikataa kutoka. Zilikuwa zimekatwa ovyo, hii pana, ile nyembamba, na nyuki walikuwa wameziba kila ufa kwa gundi yao na kujenga masega kutoka fremu moja hadi nyingine. Mama alipovuta, kila kitu kilipasuka. Asali ikamwagika chini, na nyuki wengi wakafa humo humo. Mtu mwingine angeachana na ufugaji. Yeye alizitoa zile fremu, akaziosha, akazipanga juu ya meza ya chakula na kuzipima moja baada ya nyingine kwa rula ya shuleni.

"Fundi huyu alikata kwa kukisia," aliniambia nilipokwenda kumwona. "Na nyuki hawakisii."

Ndivyo useremala ulivyomwingia mama. Alianza na msumeno wa mkono na randa ya marehemu baba, akaharibu mbao nyingi, akajifunza. Mzinga wake wa kwanza uliokaa sawa ulinunuliwa na jirani kabla haujakauka rangi. Baada ya huo wakaja wengine, na baadaye kikaja kikundi cha akina mama wa kanisani waliotaka kufuga nyuki pamoja. Muda si muda nyuma ya jiko letu kulikuwa na banda la mabati, na ndani ya banda msumeno wa meza.

Msumeno huo alitengenezewa na fundi wa kuchomelea vyuma pale sokoni, mzee mwenzake wa kanisa. Meza yake ilikuwa bamba zito la chuma, na mota ilikuwa imetoka kwenye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Diski yenye meno ilichomoza katikati ya meza, wazi kabisa, bila kifuniko. Kando yake kulikuwa na reli, yaani kile chuma kirefu ambacho ubao hutambaa ubavuni mwake ili ukatike kwa mstari ulionyooka. Reli hiyo ilibanwa kwa majiliwa mawili, yaani vibano vya skrubu, na kila ilipobanwa ilibidi kupimwa upya. Kwa miaka kadhaa mashine hiyo ilikuwa fahari ya nyumba yetu.

Mimi nafanya kazi ofisini mjini Embu na naishi mtaa wa Majimbo. Jumamosi nyingi nilikuwa nikimpelekea mama mbao za mukima kutoka kwa wapasuaji wa huku juu, kwenye baridi, ambako miti hiyo imepandwa kandokando ya mashamba ya kahawa. Nikishazishusha, sikuondoka. Nilikaa kwenye mlango wa banda kumtazama.

Alikuwa na taratibu zake. Alivua pete na kuitundika kwenye msumari. Alifunga kitambaa kichwani, akavaa koti la kazi la baba na kulifunga vifungo hadi shingoni, mikono akaikunja kwa juu isije ikaning'inia. Alivaa miwani mikubwa ya plastiki juu ya miwani yake ya kusomea. Kisha aliweka viganja vyote viwili juu ya ile meza ya chuma, akafumba macho, na midomo ikacheza kidogo. Sikuwahi kumuuliza alikuwa akisema nini. Alipowasha, mtu yeyote hakuruhusiwa kuongea, hata mimi, hata pasta alipokuja siku moja kumsalimia. Pasta alisimama kimya mlangoni kama mtoto aliyechelewa darasani, akangoja diski ikome kuzunguka ndipo akasema, "Bwana asifiwe, Mwalimu."

Kila mtu alimwita Mwalimu. Nusu ya soko la Kiritiri ilijifunza kusoma mbele ya macho yake.

Ajali, au tuseme kile ambacho nusura kiwe ajali, kilitokea Jumamosi mojawapo ya hizo. Mama alikuwa akipasua vijiti vya fremu. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu kijiti chenyewe ni chembamba na mikono inakuwa karibu na diski. Alikuwa akisukuma kwa kipande kingine cha ubao, kama alivyofanya siku zote. Nilisikia sauti ya mota ikibadilika, ikawa nzito, kama mtu anayekabwa. Kisha kukawa na mlio kama wa bunduki. Kijiti kilirudi nyuma kwa kasi nisiyoweza kuieleza, kikapita kando ya kiuno chake na kutoboa ukuta wa mabati. Kilibaki kimekwama pale, nusu ndani, nusu nje, kikitetemeka.

Mama hakupiga kelele. Alizima mashine, akachomoa waya ukutani, akasimama mpaka diski ilipotulia. Alikaa juu ya mzinga uliokuwa umepinduliwa na kuomba maji. Nilimletea kikombe kimejaa.

"Mama, basi," nikasema. "Leo ndiyo mwisho. Hii mashine tuiuze iende."

Alikunywa maji yote, akarudisha kikombe, akainuka na kuchukua rula yake. Alipima umbali kati ya reli na diski upande wa mbele, akapima na upande wa nyuma. Akapima tena.

"Njoo uone," akasema. "Huku nyuma reli imeingia ndani. Ubao umepita vizuri, kisha ukabanwa. Ukibanwa, yale meno ya nyuma yanaunyanyua na kuurusha." Alivua miwani ya plastiki. "Niliibana mwenyewe asubuhi, na nilipima mbele tu."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo sasa najua kwa nini," akasema, akaenda jikoni kuangalia ugali.

Nilipofika Majimbo nilimpigia simu dada yangu. Yeye ndiye mkubwa, anaishi Nchiru, ambako ana vyumba anavyokodisha kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Nilipomweleza, alianza kulia kwa hasira. Tulikubaliana haraka. Mama amefundisha, ametulea, amejenga, amekula chumvi ya kutosha. Anaweza kufuga kuku. Anaweza kuendelea na nyuki wenyewe, mizinga atengenezewe na mafundi. Tulipanga siku, dada akashuka kutoka Nchiru, nami nikamchukua mjini tukaenda wote.

Mama alitupokea vizuri mno. Alitupikia mbaazi na chapati, akatuuliza habari za watoto. Tulipomaliza kula, dada akakohoa na kuanza. Aliongea vizuri. Alisema juu ya vidole, juu ya macho, juu ya hospitali ilivyo mbali, juu ya sisi ambao hatungelala tena usingizi. Mimi nikaongeza ya kwangu. Mama alitusikiliza akiwa ameweka mikono mapajani, bila kutukatiza, jinsi alivyokuwa akiwasikiliza watoto wa darasa la tatu wakisoma kwa sauti.

"Mmemaliza?" akauliza.

Tukasema ndiyo.

"Asanteni. Nimeona mnanipenda. Sasa sikizeni. Nyinyi mmekuja kuzungumzia kama niache. Mimi tangu siku ile nazungumza na moyo wangu kama nibadilishe msumeno. Hayo ni maswali mawili, na la kwenu sijaliuliza."

Dada alifungua mdomo. Mama akainua kidole kimoja, si kwa ukali.

"Sijasema nitabadilisha. Huenda huu wa zamani ukitengenezwa utafaa. Huenda ule wa mkono unatosha. Nitajaribu kwanza. Lakini mwaka huu kuna wanawake wanaosubiri mizinga kabla mvua haijafika, na nimewapa neno langu."

Dada alinitazama, mimi nikatazama sakafu. Baadaye, tukiwa njiani kurudi, alicheka peke yake kwenye kiti cha abiria. "Tulifikiri sisi ndio tunaenda kumwambia," akasema.

Mama alijaribu kweli. Kwa wiki kadhaa alifungia ile mashine na kupasua vijiti kwa mkono. Nilipompelekea mbao nilimkuta ameinama, msumeno ukienda na kurudi bila haraka, na uso wake umetulia. Alisema kuna raha yake, unasikia ndege, unaweza hata kuimba. Lakini viganja vilikuwa vimevimba, na usiku alikuwa akivifunga kwa kitambaa cha maji moto. Tena vijiti vyenyewe havikutoka sawasawa. Alivipanga mbele yangu na kuvikagua kwa macho yaleyale aliyozikagulia fremu za yule fundi wa kwanza.

"Hivi ni vya kukisia," akasema, na kuvitia vyote motoni.

Akamwita mzee wa kuchomelea vyuma. Alikuja, akaikagua reli, akaichomelea vizuri zaidi, akaweka na bati la kufunika diski. Mama alimshukuru sana. Lakini nilimwona akipima tena mzee alipokwisha kwenda, mbele na nyuma, na nikamwona akikaa chini akiwaza. Bamba la meza lenyewe lilikuwa limelegea katikati kwa miaka ya joto na uzito. Reli iliyonyooka juu ya meza iliyopinda haiwezi kuaminika.

Ndipo aliponiambia, "Baba, unaweza kunipeleka Meru? Nimesikia kuna duka linauza za kisasa. Nataka kuona tu."

Mama huniita baba kwa sababu nina jina la baba yake, na akiniita hivyo siwezi kukataa kitu. Fedha za mizinga yake alikuwa nazo, hivyo halikuwa swali la fedha. Nikaomba ruhusa ya siku moja ofisini, Ijumaa.

Asubuhi hiyo alitoka nyumbani amevaa gauni la kanisani na koti la bluu, kibeti mkono mmoja, na mkono wa pili mzigo mrefu uliofungwa kwa leso. Niliuliza ni nini.

"Mbao," akasema. "Hujawahi kununua viatu bila kuvivaa, au siyo?"

Tulipita Runyenjes, tukapita Chuka, barabara ikipinda na kushuka kwenye mabonde ya mito na kupanda tena katikati ya migomba. Mama alitazama miti ya mukima kando ya barabara na kunionyesha ile ambayo ingetoa mbao nzuri na ile ambayo ina fundo. Hakutaja msumeno hata mara moja.

Duka lilikuwa kubwa, lenye mashine zilizopangwa kama magari. Kijana aliyetupokea alikuwa na heshima na uso wa kucheka.

"Karibu, shosho. Tunatafuta nini leo? Jembe? Pampu ya maji?"

"Shosho ni ya wajukuu wangu," mama akasema. "Wewe niite Mwalimu. Natafuta msumeno wa meza."

Kijana alinitazama mimi. Niliinua mabega. Akamtazama mama tena, vizuri zaidi, na ninampa heshima yake kwamba hakucheka. "Sawa, Mwalimu. Twende huku."

Ulikuwepo mmoja mdogo, mwepesi, wa kuhamishika, na mwingine mkubwa wenye meza nzito ya chuma cha kusubu, yaani cha kumiminwa kwenye kalibu. Kijana alieleza yote aliyojua. Mama alisikiliza, kisha akafungua leso na kutoa mbao zake na fremu moja ya mzinga, na kutoka kwenye kibeti akatoa rula.

"Nionyeshe inavyokata hizi."

"Mwalimu, hapa hatukati. Ni za kuuza tu."

"Na mimi nataka kununua. Lakini siwezi kununua maneno yako, mwanangu, hata kama ni matamu."

Kijana alikwenda kumwuliza mwenye duka. Alirudi akiwa amefurahi kama aliyepewa likizo. Walituruhusu. Wakabeba ile ndogo hadi uani nyuma ya duka, kisha wakaisukuma na ile kubwa, na wafanyakazi wengine wakaacha kazi zao kuja kuona. Mama alivua pete akanipa niishike. Alivua lile koti la bluu akanipa. Alivaa miwani ya plastiki aliyokuwa ameibeba, akafunga kitambaa, akaweka viganja juu ya meza ya mashine isiyo yake, akafumba macho. Ua mzima ukanyamaza.

Ile ndogo ilipiga kelele ambazo zilinifanya nizibe masikio, lakini ilikata. Ile kubwa iliunguruma tu, taratibu, na vumbi la mbao likaanguka chini yake badala ya kumrukia usoni. Nyuma ya diski kulikuwa na kipande chembamba cha chuma kilichosimama kama ulimi, kikiingia kwenye mpasuko wa ubao na kuuzuia usijibane. Mama alipokiona alizima mashine, akainama, akakigusa kwa ncha ya kidole.

"Kumbe," akasema polepole. "Kitu kidogo hivi."

Alikata vijiti kwa mashine zote mbili, akavipanga, akavipima, akavilinganisha na ile fremu. Vilikuwa sawa. Vya mashine zote mbili vilikuwa sawa, kimoja kama kingine, kana kwamba vimetoka tumbo moja. Nilimtazama nikingoja atabasamu. Hakutabasamu. Alifunga mbao zake kwenye leso, akamshika yule kijana mkono kwa mikono yake miwili na kumshukuru.

"Tutarudi," akasema, tukatoka.

Tulikaa kwenye mkahawa mdogo ng'ambo ya barabara. Aliagiza chai na maandazi, lakini maandazi hakuyagusa. Nilidhani labda ameona ni mzigo mkubwa mno, au ameogopa. Kwa mara ya kwanza tangu yote yaanze, nikajikuta namwonea huruma, na kwa mara ya kwanza nikatamani anunue.

"Si nzuri?" nikauliza.

"Ni nzuri mno. Zote mbili ni nzuri kuliko yangu, siwezi kujidanganya. Hilo si linalonisumbua."

"Ni nini basi?"

Aligeuza kikombe kwenye sahani yake. "Wale akina mama wa kikundi. Tangu mwanzo wamekuwa wakiniuliza, Mwalimu, tufundishe kukata wenyewe. Nami nawaambia, pigeni misumari, pakeni rangi, kupasua niachieni mimi. Miaka yote hii. Sijawahi kumruhusu mtu hata mmoja aguse ule msumeno. Nilifikiri ni kwa sababu wao hawajui. Leo nimesimama pale uani nikaelewa kwamba sikuwaruhusu kwa sababu mashine yenyewe ilikuwa ya hatari, na moyo wangu ulijua tangu zamani. Mimi ningekatwa, sawa, ni mimi. Lakini mtoto wa mwenzangu?" Akatikisa kichwa. "Mwalimu gani huyo ana chaki mfukoni na hawezi kumpa mwanafunzi aandike?"

Sisi watoto wake tulikuwa tumehesabu vidole vyake, yeye alikuwa akihesabu mikono ya watu wengine.

"Kwa hivyo tunarudi?" nikauliza mwishowe.

"Kunywa chai yako kwanza," akasema, na kuchukua andazi.

Alichagua ile kubwa. Ile ndogo, alisema, inapiga kelele, na mwanafunzi mwenye hofu hafundishiki kwenye kelele. Kabla ya kulipa alimwuliza kijana maswali juu ya umeme wa nyumbani, kwa kuwa wa kwetu hulegea jioni watu wote wanapopika na kuwasha taa. Kijana akakiri kwamba mota ingeteseka saa hizo. "Basi jioni hatutakata," mama akasema. "Jioni ni ya kupumzika."

Tulilala Nchiru kwa dada. Alipomwona mama akishuka kwenye gari, alimsoma usoni. Kisha akamkumbatia kwa nguvu na kusema, "Haya. Angalau hiyo ina kifuniko?" Mama akamweleza juu ya ule ulimi wa chuma hadi chakula kikapoa, na wapangaji wawili wa dada waliokuja kulipia maji wakasimama mlangoni wakisikiliza kana kwamba wako kwenye mhadhara.

Jambo moja lilibaki, na mama hakumwachia mtu amfanyie. Siku mashine ilipoletwa Kiritiri kwa lori, yeye alitembea mwenyewe hadi sokoni kwa mzee wa kuchomelea vyuma. Nilimfuata kwa nyuma kidogo. Nilikuwa nikiogopa kuona uso wa yule mzee.

"Nimenunua msumeno mwingine," mama akamwambia, amesimama mbele ya karakana yake. "Nimeona uyasikie kwangu, si kwa watu. Wako umenilisha na kunifunza. Nakushukuru. Lakini nimepata ulio salama zaidi."

Mzee alivua miwani yake myeusi ya kuchomelea. Nilidhani nimeona kitu kikimpita usoni, kama mtu anayemeza dawa. Kisha akasema, "Naweza kuuona?"

Alikuja jioni hiyohiyo. Alizunguka ile mashine mpya, mikono nyuma. Akapitisha kiganja juu ya meza yake, akaufuata ukingo wa reli kwa kidole gumba, akapiga magoti akatazama chini yake. Alipofika kwenye ule ulimi wa chuma nyuma ya diski alikaa pale muda mrefu. Akauliza kama anaweza kuupima. Mama akampa rula.

"Hii ningeweza kutengeneza," akasema. "Bamba jembamba tu, na bolti mbili. Sikujua tu kwamba inahitajika."

"Hata mimi sikujua," mama akasema.

Wiki zilizofuata, watu waliokuwa wamenunua misumeno kwake, Kiritiri na hata upande wa Siakago, walimwona akifika kwao na mfuko wa vyuma begani. Aliwawekea kila mmoja ulimi, bila kudai malipo. Kwenye ule wa mama wa zamani hakuweka. Alichukua mota yake, kwa ombi la mama, na kuifunga kwenye mashine ya kukatia majani ya mbuzi wetu. Bamba la meza ndilo sasa benchi la kuoshea vyombo nje ya jiko. Nikimwona yule mzee kanisani siku hizi, ninasimama kumpisha.

Somo la kwanza la akina mama lilikuwa Jumamosi, nami nilikuwepo kwa sababu ya mbao. Walikuja wamevaa kama wanaoenda harusini, na mama akawarudisha wawili nyumbani kwenda kubadilisha nguo zenye mikono mipana. Siku hiyo mashine haikuunganishwa na umeme kabisa. Walijifunza kusimama. Walijifunza kusimama kando, si nyuma ya ubao, mguu mmoja mbele, na kusukuma kwa kijiti cha kusukumia huku macho yakiwa kwenye reli. Kila mmoja alisukuma ubao uleule kupita diski iliyolala, tena na tena, mpaka mmoja wao, mama mnene mcheshi anayeuza nyanya sokoni, akasema, "Mwalimu, nyanya zangu huniogopa mimi, lakini hii mimi ndiye naiogopa."

"Usiiogope," mama akasema. "Iheshimu tu. Kama mume wako anapokuwa na njaa."

Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Jumamosi iliyofuata aliiwasha. Yule muuza nyanya ndiye aliyeomba kuanza. Alivua pete zake, na mama akamwonyesha msumari wa kuzitundikia. Akasukuma. Kijiti cha kwanza kilitoka kimepinda kwa sababu aliruka alipousikia mlio, na mama akakiinua wote wakione. "Hiki ni cha kuotea moto," akasema. "Rudia." Cha pili kilitoka kimenyooka. Mama alikipima kwa rula yake, akakipitisha kwa wenzake nao wakakipima, na mwenye kijiti akasimama katikati amejishika mashavu kama msichana.

Kisha akarudi kwenye mashine, akakata kingine, akaizima. Kipande kilikuwa kimebaki kando ya diski. Mkono wake ulianza kukiendea, halafu ukasimama hewani wenyewe, bila mtu kumwambia kitu. Akaurudisha nyuma, akaukunja kifuani, akangoja meno yaache kuzunguka.

Mama aligeuka akatazama nje dirishani, kwenye migunga. Nilikuwa nimesimama upande huo, nikaona sababu ya yeye kugeuka. Alikuwa akitabasamu, na hakutaka darasa limwone.